Sifuri ya Hitimana

Ko! Ko! Ko!

Fimbo ilipanda ngazi kabla ya mwenyewe kuonekana. Verediane aliisikia akiwa mezani, akajua ni ya nani, na akajua pia kwamba mwenyewe amekasirika. Siku nyingine fimbo ya Muzehe Callixte iligonga ngazi moja ikapumzika, mzee akawatania wauza magodoro wa chini, kisha ikagonga ya pili. Leo iligonga zote kumi na nne kama mtu anayepigilia misumari, na sauti ikafuata.

“Mama Verediane! Uko? Kama uko, fungua ile mashini yako, umutoe Hitimana mule ndani!”

Kofia ilitokeza mlangoni, kisha koti lililojaa vumbi jeusi la barabara ya Cyanzarwe, kisha Callixte mzima, mwembamba, wa miaka sitini na sita, akihema.

“Shikamoo, muzehe,” alisema Verediane. Alizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, akarudi na wazazi wake nchini mwao mwaka wa tisini na tano, na hiyo shikamoo ilirudi naye.

“Marahaba. Mutoe.”

“Keti kwanza.”

“Siketi. Mutu akiketi, hasira inalala. Mutoe, donc basi nitaketi.”

“Mule ndani” palikuwa chini ya meza, katika sanduku la chuma lenye rangi ya maziwa yaliyochacha, lililofunikwa kitambaa cha kufuma ili vumbi la volkano lisiingie. Huo ulikuwa mwaka wa tisini na tisa. Hapo Mbugangari, mtaa wa mpakani na Goma, juu ya duka la magodoro, sanduku hilo lilihifadhi kurasa za mtandaoni za watu kumi na mmoja na kuzionyesha duniani kwa laini ya simu: hoteli moja ya ufukweni, shule ya mafundi, ushirika wa viazi, mchonga vinyago wa Goma, na wengineo. Kila mmoja alikuwa na chumba chake ndani ya mashine, na neno lake la siri la kukifungulia. Kazi ya Verediane ilikuwa kulinda vyumba: nani aingie, nani asome, nani aandike. Aliipenda kazi hiyo kama watu wa kwao wanavyopenda watoto wao, bila kuwasifia mbele za wageni.

Chumba cha Callixte kilikuwa na ukurasa mmoja tu, naye aliuandika kwa miezi mitatu, kwa vidole viwili. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, hivyo kila Jumatano rafiki yake Hitimana aliketi kando na kumsomea kilichokuwa kwenye kioo. Ukurasa ulikuwa na majina na sifa za ng'ombe wanane wa ukoo, kuanzia wale wa babu yake. Mutoni, binti yake wa pekee, angeolewa Liège mwezi wa nane, na siku ya mahari msemaji wa upande wao angeyahitaji maneno hayo. Basi Mutoni aliufungua ukurasa huo kila wiki huko Ubelgiji, akanakili kilichoongezwa.

“Jana niko Goma kwa dada yangu,” Callixte alisema, bado amesimama. “Simu inalia. Ni Mutoni. Dada yangu ana wageni, ananipa simu mbele yao wote. Mutoto anacheka, anasema: ‘Papa, ng'ombe zetu zimegeuka kuwa wamama wa kwaya?’ Mi nasema, kwaya gani? Anasema, ‘Papa, iko wamama kumi na nane, wamevaa kijani, wanafungua midomo.’ Wageni wanacheka. Shemeji anacheka mpaka anamwaga chai. Mi, Callixte, ng'ombe za babu yangu zinafungua midomo!”

Verediane aliuma mdomo asicheke. Akaufungua ukurasa. Ilikuwa kweli: kwaya ya akina mama wa Kanzenze, wamepangwa mistari miwili, na chini yake mwaliko wa jubilei yao.

“Iko ng'ombe hapo?” aliuliza Callixte, pua yake karibu kugusa kioo.

“Hakuna, muzehe.”

“Hata ndama?”

“Hata ndama.”

Mzee alishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo mahali pasipo pake.

Mashine ilikuwa na daftari lake yenyewe, ambamo iliandika kila aliyeingia na alichogusa. Verediane alilifungua akasoma. Jumatatu, saa nne asubuhi, ukurasa wa Callixte ulikuwa umeandikwa upya. Na aliyeuandika alikuwa Callixte.

“Mi?”

“Mashine inasema ni wewe.”

“Inasema uongo mbele ya mwenyewe! Jumatatu saa ine mi niko kwa mupaka, nimeshika karatasi yangu, polisi anaigeuza juu chini.”

“Ulimpa nani neno lako la siri?”

“Sikupa mutu.”

“Muzehe.”

“Sikupa mutu! Nilimupa Hitimana. Hitimana si mutu, ni Hitimana.”

Verediane alinyanyua daftari la pili, la karatasi, lile la mlangoni ambalo kila mgeni alitia jina. Jumatatu: Libérata, wa Kanzenze. Akamkumbuka. Mama mnene mwenye sauti tamu, aliyekuja wiki mbili kabla kuomba nafasi ya kwaya yake, naye Verediane akamwambia asubiri mwisho wa mwezi. Jumatatu alikuja tena, akaketi kwenye kompyuta ya dirishani ambako wateja huandikia, na Verediane, aliyekuwa akibishana na mtu wa hoteli, alidhani anaandika barua.

Hapo mambo yote yakajipanga. Katika vilima vya huko, mtu mwenye ng'ombe asiye na majani humkabidhi rafiki amchungie. Mchungaji anakama, anachukua mbolea, na majani yake yakiisha anamkabidhi mwingine, naye huyo anakama. Hakuna anayerudi kumuuliza mwenye mali kila mara, kwa sababu ng'ombe hata akifika boma la nne bado huitwa wa fulani. Callixte alimkabidhi Hitimana neno la siri kwa ajili ya macho yake. Hitimana akamwonea huruma mama wa kwaya aliyeambiwa asubiri, akamkabidhi. Na kila alichofanya Libérata, mashine ilikiandika kwa jina la Callixte. Hakuna aliyeiba kitu.

Na kosa lingine lilikuwa limebandikwa ukutani, kwa mwandiko wa Verediane mwenyewe: “Ukurasa wako wa kwanza uuhifadhi kwa jina index.” Callixte alitii karatasi hiyo. Libérata naye akaitii, katika chumba kile kile. Index ya pili iliikalia ya kwanza, na ng'ombe wanane wakafa bila kulia.

“Wanarudi,” alisema Verediane. “Kila Ijumaa natoa nakala ya vyumba vyote.”

Alitia diski ya akiba, akaandika amri mbili. Haikuchukua dakika kumi. Callixte alihesabu majina kwa kidole kwenye kioo, akirudia moja moja kwa midomo.

“Zote nane?”

“Wote wanane. Hakuna hata neno lililopotea.”

Ndipo akaketi. Akavua kofia, akaiweka juu ya goti. Verediane akadhani yameisha.

“Bon,” alisema Callixte. “Sasa mutoe Hitimana.”

“Lakini wamerudi, muzehe.”

“Ng'ombe zimerudi. Uso wangu haujarudi.”

Verediane alijua anachoombwa. Mwaka wa sabini na nne, Callixte alimpa Hitimana ng'ombe wa kweli, mwenye pembe na kwato. Hakumkabidhi amchunge, alimpa awe wake. Na anayekupa ng'ombe amekufunga kwake kwa kamba ambayo haionekani. Anaweza kumchukua tena, lakini hafanyi hivyo ila umemsaliti, na akifanya, kilima kizima kitajua. Baada ya hapo hamnywi chungu kimoja, wala watoto wenu hawaoani. Baba yake Verediane, miaka yote ya Karagwe, alikuwa akisimulia habari za mtu mmoja aliyenyang'anywa ng'ombe na rafiki yake, na alizisimulia kwa sauti ya matangani. Kumtoa Hitimana kwenye chumba cha ng'ombe kwa hasira kulikuwa mwanzo wa njia hiyo, na njia hiyo huwa haina mahali pa kugeuzia.

“Kosa ni langu,” alisema. “Nilikupa chumba kimoja na ufunguo mmoja, nikijua fika kwamba mnaingia wawili. Leo kila mtu apate jina lake na neno lake. Libérata apate chumba chake. Hitimana apate jina lake. Halafu wewe mwenyewe useme kila mmoja anaruhusiwa nini chumbani mwako.”

“Mi mwenyewe?”

“Chumba ni chako.”

Hilo lilimpendeza. Verediane alichukua karatasi, akamchorea. Kusoma ni nne. Kuandika ni mbili. Kupita mlangoni ni moja. Jumlisha unachotaka kumpa mtu, upate tarakimu yake. Na mashine inataka tarakimu tatu tu: ya kwanza ya mwenyewe, ya pili ya jamaa zake, ya tatu ya wapita njia, yaani watu wote waliobaki duniani.

“Mwenyewe?” aliuliza.

“Vyote. Saba.”

“Wapita njia? Mutoni yuko humo, kwa sababu mashine haijui kwamba ni mwanao. Inamwona mtu wa Liège tu.”

“Wasome. Wapite. Wasiguse.”

“Tano. Na jamaa? Humo nimemweka Hitimana peke yake.”

Callixte alitazama dirishani. Chini, mtu alikuwa akipakia magodoro kwenye baiskeli, moja juu ya jingine, mpaka baiskeli ikatoweka.

“Sifuri,” alisema.

“Muzehe, ngoja nikueleze sifuri kwa mashine ni nini.”

“Mi nilisoma kwa mapadri. Sifuri naijua.”

Angeweza kukataa. Lakini mlinzi anayejifanya mwenye nyumba ni mwizi mwenye adabu, na Verediane hakutaka kuwa huyo. Aliandika: saba, sifuri, tano. Akabonyeza.

Saa nne kasoro, Hitimana aliingia. Hakusikika, maana alivaa viatu vya mpira na alitembea kama mtu asiyetaka kuamsha mtoto. Alikuwa fundi wa kushona, mrefu, futi yake ya kitambaa ikining'inia shingoni, mfuko wa maparachichi mkononi. Nyuma yake alikuja Libérata, macho chini. Kicheko cha Goma kilikuwa kimefika hadi sokoni; huko Hitimana alikutana naye, wakaunganisha habari nzima, akamshika mkono wamjie mwenye ng'ombe pamoja.

“Callixte! Umefika bila mi? Nani alikusomea ngazi?”

“Ngazi haina kwaya. Nilizisoma mwenyewe.”

Hitimana aliweka maparachichi mezani polepole.

“Muzehe, nisamehe,” Libérata alianza. “Mi sikujua iko kitu mule ndani. Niliona karatasi kwa ukuta, nikafanya kama inasema. Nilikuwa nafurahi hata, kwamba nimeweza bila kuuliza.”

“We huna kosa, mama,” alisema Callixte. “Mugeni anakula kwa sahani aliyopewa.” Alisema hivyo akimtazama Libérata, lakini kila aliyekuwa mle ndani alisikia maneno yakipita begani pake na kwenda kumgonga aliyesimama nyuma.

“Nilimupa kikombe moja ya maziwa tu,” alisema Hitimana.

“Ulimupa ng'ombe! Na kamba! Na fimbo!”

“Aliambiwa angoje mwisho wa mwezi. Jubilei ni tarehe makumi mbili. Nikasema, kwa Callixte iko nafasi, Callixte hana roho mubaya.”

“Ona huyu! Ananitukana kwa kunisifu!”

“Nilikosea,” alisema Hitimana. “Wacha niketi, niandikie Mutoni mwenyewe, nimuombe radhi. Mi ndiye nilimufundisha kutembea, hatanikatalia.”

Callixte alimwonyesha kiti kwa ncha ya fimbo. “Keti. Leo uko na jina yako.”

Verediane alimtazama mzee, akaona kwamba anajua vizuri anachofanya, na kwamba hajui hata kidogo. Alimpa Hitimana kipande cha karatasi achague neno la siri, akamgeuzia mgongo alipokuwa akiliandika, herufi moja, nyingine, nyingine. Mashine ikampokea kwa jina lake. Hitimana alitabasamu kuona HITIMANA kwenye kioo.

“Nisome kwanza, niangalie kama zote zimerudi,” alisema, akaomba chumba cha Callixte.

Mashine ilijibu kwa mstari mmoja mfupi wa Kiingereza.

“Inasema nini, mama?”

“Inasema huna ruhusa.”

“Ya kuandika?”

“Ya chochote.”

“Hata kusoma?”

“Hata kusoma.”

Hitimana aliitoa ile futi shingoni, akaizungusha kidoleni taratibu mpaka ikawa kama gurudumu dogo, akaitia mfukoni. Kisha akasimama.

“Bon,” alisema. Hakuuliza ni nani aliyeamuru. “Mama Libérata, kuja, keti, uandike kwaya yako. Mi nitakungoja, tutarudi pamoja.” Akaenda kusimama kando ya mlango, mikono nyuma, kama mteja anayesubiri zamu.

Callixte alikunja midomo. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Alikuwa hata na maneno matatu makali aliyoyanoa njia nzima kutoka Cyanzarwe. Sasa hakuwa na mtu wa kumrushia.

Verediane alimfungulia Libérata chumba chake na jina lake. Mama yule aliandika neno lake la siri, akapokelewa, akapumua. Halafu, kabla ya kuanza, aligeuka.

“Mama Verediane, naweza kuona kile niliharibu? Moyo yangu itatulia.”

“Omba chumba cha Callixte.”

Akaomba. Kikafunguka mara moja, ukurasa wote, kuanzia juu. Libérata, ambaye hakuwahi kusoma kitu kimya kimya maishani mwake, alisoma kwa sauti ile ile inayoinua paa la kanisa la Kanzenze. Maneno yalikuwa ya Kinyarwanda cha zamani; kwa Kiswahili yangekuwa hivi:

Rugina, rangi ya udongo baada ya mvua,
akiinua kichwa, ukungu unapasuka;
alimnyonyesha ndama asiyemzaa,
hakuombwa, wala hakudai.

“Ayii,” alisema Libérata. “Na mi nikaweka sare zetu juu ya hii!” Akaendelea na ng'ombe wa pili, akafika kwenye neno la kale asilolijua, akakwama. Kutoka mlangoni, kwa upole, Hitimana akalitamka. Midomo yake ilikuwa imesogea tangu mstari wa kwanza. Aliyasoma maneno hayo kwa miezi mitatu, kila Jumatano, kwa ajili ya macho ya mtu mwingine, na sasa yalikuwa yake kama sala.

Callixte alimtazama Libérata, akamtazama aliye mlangoni.

“Mama Verediane. Huyu mama anasoma?”

“Anasoma.”

“Yeye ndiye alifuta.”

“Ndiye.”

“Na yule hasomi.”

“Hasomi.”

“Juu ya nini?”

“Hicho ndicho nilichotaka kukueleza,” alisema Verediane, na sauti yake haikuwa ya kulaumu. “Mtu akibisha, mashine inauliza kwanza: wewe ni mwenyewe? Ikiwa sivyo, inauliza: wewe ni jamaa? Ukiwa jamaa, inasimama hapo hapo, inakupa tarakimu ya jamaa na haitazami mbele tena. Libérata si mwenyewe wala si jamaa, basi amepita kwa tano ya wapita njia. Hitimana ni jamaa. Ana sifuri. Hata mtu wa Uchina, kama angeketi hapa sasa, angesoma ng'ombe zako. Hitimana hapana.”

“Donc, kama angekuwa mutu wa bure tu…”

“Angesoma. Nikimtoa kwenye jamaa, anasoma sasa hivi.” Mkono wake ulikuwa tayari juu ya kibodi. “Ulikuja kuniomba nimtoe, muzehe. Nimtoe?”

Sanduku la chini ya meza lilinguruma peke yake. Marafiki wawili wakinyamaziana hivyo, hata mtu wa nje hutamani kuomba radhi kwa kosa asilolitenda.

“Mutoe, mama,” alisema Hitimana kutoka mlangoni. “Tafazali. Niweke kwa wapita njia. Bora nisikie Rugina kama mugeni, kuliko…” Hakumaliza. Alikohoa, akatazama viatu vyake vya mpira.

“Nyamaza, we!” Callixte aliruka kitini, kofia ikaanguka. “Nani amekuuliza? Chumba ni yangu! Namba ni yangu! Mutu anasimama kwa mulango anagawa namba za watu!” Akamgeukia Verediane, na ukungu wa macho yake ulikuwa umelowa. “Saba.”

“Nani saba?”

“Tunasema habari ya nani tangu asubuhi? Ya polisi wa mupaka? Saba!”

Verediane hakubonyeza mara moja. Moyo wake ulitaka, lakini kazi ni kazi.

“Nisikilize, muzehe, mara hii nisikilize mpaka mwisho. Nikiweka saba peke yake, mkono wa Hitimana ukiteleza unaweza kufuta vyako vyote. Lakini kuna alama moja naweza kuiongeza mbele ya tarakimu. Nikiiweka, Hitimana anaingia, anasoma, anaongeza maneno yake humo humo karibu na yako. Chake anafuta. Chako hafuti, na wewe unabaki mwenye chumba. Nayo mashine itaandika jina la aliyefanya.”

“Akikosea, itaandika nani?”

“Hitimana.”

“Si Callixte?”

“Si Callixte.”

“Ah!” Mzee alipiga paja. “Weka! Miaka makumi mbili na tano huyu anakosea, na kilima kizima kinasema ni Callixte!”

“Na nikifanya muzuri?” aliuliza Hitimana, akisogea hatua moja.

“Itaandika Hitimana vilevile, sha, rafiki yangu. Nitafanya nini? Mashini haijui kuficha.”

“Weka hiyo alama, mama,” alisema Hitimana. “Mi pia naitaka. Mikono yangu inazoea mukasi. Inaweza kukata kitu cha mutu kabla akili haijafika.”

Libérata alicheka wa kwanza, kwa sauti nzito ya kifuani, na wengine wakafuata. Verediane aliandika alama, akaandika saba, saba, tano, akabonyeza. Kisha akamwambia Callixte achague neno jipya la siri, la kwake peke yake. Mzee alilichagua kwa muda mrefu, akifunika kibodi kwa kofia, akipapasa herufi kwa vidole viwili huku Hitimana akitazama ukuta kwa heshima kubwa kuliko ilivyohitajika.

“Keti sasa,” alisema Callixte, akimpisha kiti.

Hitimana aliketi. Aliandika jina lake, akaandika neno lake, akaomba chumba. Mashine haikusema kitu. Ilimfungulia tu. Ng'ombe wanane walisimama kwenye kioo, wa babu na wa baba, naye akaanza kuwasoma kwa sauti ya chini, mmoja mmoja, huku Callixte akiitikia kwa kichwa kila jina, kama mtu anayehesabu mifugo inayoingia zizini. Alipofika wa nane, akafungua ukurasa mpya kando yake, wake mwenyewe, akamwandikia Mutoni mistari mitatu ya kuomba radhi. Chini yake akatia: Hitimana. Verediane alilifungua daftari la mashine akawaonyesha. Jumatano, saa tano kasoro robo: Hitimana.

“Ona,” alisema Callixte. “Umekuwa mutu.”

Hitimana aligeuza kiti, akawa uso kwa uso na rafiki yake. Aliunyanyua mkono wa kulia, ule wenye sugu za mkasi.

“Callixte yampaye inka,” alisema kwa Kinyarwanda: Callixte alinipa ng'ombe. Ni kiapo ambacho mtu wa vilima hivyo huapa kwa jina la aliyempa, na hakiapwi kwa mzaha mbele ya mpaji mwenyewe. Callixte aliacha kutabasamu, akakaa wima.

“Mbele ya hawa mama wawili, nakuambia,” Hitimana aliendelea. “Neno yangu ya siri haitatoka kwa mudomo hii kwenda kwa mutu, hata kwa muke wangu, hata kwa padri. Na siku nitamuonea mutu huruma na kutaka kumupa kitu ya chumba yako, nitapanda Cyanzarwe kwa miguu, hata mvua inyeshe, nisimame kwa mulango yako, nikuulize kwanza.”